Sahani ya Kabla ya Kisima

Kuna siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu Mutheu, na leo asubuhi umenirudisha pale pale. Nimekuuliza kama umekula, nawe ukanijibu bila kuinua macho kwenye simu, "Auntie, nimekula kitambo." Maneno hayo hayo aliyasema mama yako tukiwa wa umri wako, kwenye mchanga wa mto huu, na nusura tumpoteze. Yeye hajawahi kukusimulia. Jana nilimwomba akueleze, akaniambia, "Msimulie wewe, Nduku. Mimi nikianza nitalia." Basi weka simu chini. Unanijua, mimi si mtu wa kubembeleza, lakini hili nitalisema polepole.

Ilikuwa likizo ya Agosti, hapa hapa Migwani. Mama yako, Mwikali, alikuwa amekuja kutoka Salama, ambako wazazi wake walikuwa na kibanda kando ya barabara kuu. Mimi nilikuwa mtoto wa hapa, mwenye magaga miguuni na mdomo mrefu, nikimwonea wivu kwa viatu vyake. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja kwa nyanya yetu, Susu, yule ambaye picha yake iko pale ukutani.

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na maji tuliyachimba. Kadiri wiki zilivyopita ndivyo kisima kilivyozidi kwenda chini, hadi kikahitaji watu watatu: mmoja chini kabisa akichota kwa kibuyu na kujaza ndoo, wa pili amesimama katikati kwenye ngazi tuliyoichonga mchangani akiipokea, wa tatu juu akimimina kwenye mitungi ya punda. Kuta zilikuwa mchanga tu. Ukizigusa kwa ubavu, zinamwagika.

Kwa sababu hiyo Susu alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Wanaoshuka kisima kimoja walikula kwanza, sahani moja, mbele yake. Sahani zilikuwepo za kutosha, usidhani ni shida. Alitaka kila mtu aone kwa macho yake kwamba mwenzake ameshiba. "Huyo ndiye atakushika ukiteleza," alikuwa akisema. "Mwangalie akimeza."

Sasa nikuambie nilichokuwa nikikiona bila kukielewa. Mama yako alikuwa akiamka kabla yetu na kupanda kilima peke yake, mbio, halafu anarudi na uso wa mtu aliyetoka kuchapwa. Nilipomuuliza akasema ni mazoezi ya shule. Mezani alikuwa akizungusha muthokoi kwenye sahani, akiongea sana na kutafuna kidogo. Mahindi yaliyokobolewa vizuri, yamechanganywa na mbaazi, yana kitunguu na mafuta, harufu inakufanya umeze mate ukiwa bado nje! Nami, kwa ulafi wangu, nilifurahi kumalizia upande wake. Jioni akisema tumbo limejaa, nilimshukuru Mungu.

Asubuhi ya siku hiyo Mwikali alitangulia kuondoka nyumbani, akisema anaenda kuokota kuni njiani. Tulimkuta mtoni. Susu akafunua sahani. Mwikali akabaki amesimama.

"Susu, mimi nimekula kitambo," akasema. "Nilichukua chakula cha jana kwa sufuria."

"Nani alikuona?"

"Nilikula, Susu. Haki."

Punda walikuwa wakisukumana, na majirani waliokuwa wakichimba kando yetu walikuwa wameshaanza kuteka. Maji ya mchangani ukichelewa, wenzako wa kisima cha jirani wanayavuta yote upande wao. Susu alimtazama Mwikali kidogo, akawatazama punda, akanyoosha mkono. "Haya, shuka."

Nikala peke yangu haraka haraka, kisha nikashuka hadi kwenye ngazi ya katikati.

Mwanzo mambo yalikwenda. Nilisikia kibuyu kikikwaruza, maji yakimwagika ndooni, kisha ndoo inapanda. Baadaye ndoo zikaanza kuja nusu. Nikamtania, "Mtu wa Salama, mikono imezoea soda?" Hakucheka. Ndoo iliyofuata ilikawia sana, na nilipoipokea niliona vidole vyake vikitetemeka kwenye mkono wa ndoo. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema, "Giza tu." Jua lilikuwa limesimama juu yetu, mwanangu. Hapakuwa na giza lolote.

Kisha kibuyu kikanyamaza.

Nikaita. Nikaita tena. Nilipoinama nilimwona amejikunja chini kabisa, shavu limelala kwenye maji, na ukuta alioukwaruza kwa bega akianguka ulikuwa ukimwaga mchanga juu ya miguu yake. Ulikuwa ukimwagika taratibu, bila kelele, na haukuacha. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo nikiusikia kichwani mwili unasisimka.

"Usiruke!" Susu akanipigia kelele kutoka juu. "Nduku, ukiruka umemzika! Shuka kwa makalio, ngazi kwa ngazi!"

Niliogopa, sikufichi. Nilitamani kupanda juu nikakimbie. Nikashuka kwa makalio kama alivyosema, nikihesabu pumzi zangu, mchanga ukiingia mdomoni. Nilipomfikia, nilimwinua uso kutoka majini na kuuweka begani kwangu. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja siku zote hizo na sikujua kwamba mbavu zake zilikuwa zimetokeza namna ile. Mchanga ulikuwa umemfika magotini, na kadiri nilivyouchota kwa mikono ndivyo mwingine ulivyoshuka.

Susu, mwanamke mzima yule, alikuwa amelala kifudifudi ukingoni ili uzito wake usivunje mdomo wa kisima. Akatuteremshia kamba ya punda. Nikaipitisha chini ya makwapa ya Mwikali, vidole vikikataa kufunga fundo. Nikalifunga, likafunguka, nikalifunga upya nikilia. Akina mama wa kisima cha jirani walikuwa wameshafika, wakavuta polepole, mmoja akiwaambia wengine wasishtue kamba. Miguu yake ikachomoka mchangani. Mimi nikapanda nyuma yake nikimsukuma kwa kichwa.

Tulikuwa bado tumelala ukingoni tukihema pale ukuta ule uliposhuka wote kwa mpigo. Kisima kikajaa. Mahali mama yako alipokuwa amejikunja pakawa mchanga laini, kama hapakuwahi kuchimbwa kitu. Mama mmoja alianza kuomba kwa sauti ndogo, akashindwa kumaliza.

Mwikali alipozinduka, Susu alimnywesha uji wa wimbi kidogo kidogo, kichwa chake kikiwa mapajani mwake. Nilingoja kiboko. Nilikuwa namjua Susu, mkono wake haukuwa mbali. Badala yake akauliza swali moja tu. "Mara ya mwisho kushiba ilikuwa lini?"

Mama yako akalia mpaka uji ukamwagika. Akasema hakumbuki. Akasema shuleni walikuwa wakimwita Trela, eti ni mpana kama matrela yanayopita Salama, na kila akipita wanapiga honi kwa midomo. Kile kilima alikuwa akikipanda kujiadhibu. Akianguka, anajilazimisha kuanza upya kutoka chini.

Susu alimfuta mchanga masikioni. Kisha akasema, "Mwiitu wakwa, binti yangu, hao waliokupigia honi, leo ni nani kati yao aliyekuwa ameshika kamba?" Baada ya hapo akanigeukia. "Nawe ukiona ndugu yako anapanda kilima akirudi na machozi, mfuate. Usikae kumalizia chakula chake." Nikainamisha kichwa. Lakini maneno makali zaidi alijiwekea mwenyewe. "Mimi ndiye mkubwa hapa. Nilikuuliza kwa mdomo, macho yangu yakiwa kwa punda. Sitauliza hivyo tena." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Susu akilia, na iliniogopesha kuliko kile kisima.

Usidhani siku iliyofuata mama yako aliamka anakula kama mimi. Haikuwa rahisi. Susu alimpeleka kwa daktari, kisha kila mlo akawa anakaa naye, anampakulia kidogo, hamkemei, hamhesabii matonge. Kile kilima akakipiga marufuku. Badala yake, maji yakishapatikana, alituacha tucheze kati pale mchangani na wasichana wa jirani, ule mchezo wa kumlenga aliye katikati kwa mpira wa matambara. Mutheu, mama yako alikuwa hapigiki! Anainama, anaruka, anazunguka, sisi tunachoka kurusha mpira naye anacheka mpaka anakaa chini. Tulikuwa tukirudi nyumbani tumelowa jasho na njaa imetushika sote, naye akawa anaulizia muthokoi kabla hujaiva. Kama alipungua au aliongezeka, sikumbuki. Tulikuwa tumeacha kuangalia.

Ndiyo maana nasema nawe leo, na wenzako wote wanaojipima kwenye kioo. Mwili wako unakua sasa hivi, unajenga mifupa na damu, na unadai kulipwa kila asubuhi. Upe uji, upe ndengu na mbaazi, mboga za kunde, papai, machungwa, yai likipatikana, na maji mengi. Chipsi na soda ukiwa na marafiki siku moja moja, kula ufurahi, sitakufuata. Usizifanye ndizo mlo wako wa kila siku, na usijinyime chakula kwa sababu ya mdomo wa mtu. Mwili ucheze kwa furaha. Hizo densi mnazojirekodi kwenye simu, chezeni, na mimi mniite, magoti bado yapo. Lakini siku mazoezi yatakapogeuka kuwa adhabu, au chakula kitakapokutia hofu, usikae nayo peke yako. Niambie, mwambie mama yako. Tutaenda pamoja kwa daktari, na hakuna atakayekucheka.

Mimi sitakuuliza tena kama umekula. Mama yako anakuja na muthokoi, nimemwambia alete sahani moja na vijiko vitatu. Tutakula, halafu tutaenda mtoni. Mungu akupe njaa ya kila asubuhi, akupe cha kuituliza, na asikuache ukose mtu wa kukutazama ukimeza. Sogea hapa, mwanangu.