Chumvi Iliyokaushwa Mara ya Pili

Butembo ni baridi, jamani. Ukungu unaingia mpaka jikoni, chumvi inalowa ndani ya kopo, na kila mama anajua dawa yake: unaimwaga kwenye sufuria kavu juu ya makala ya moto, unaikoroga mpaka inakauka. Nikiona mtu anafanya hivyo, mpaka leo ninatoka nje.

Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa anasoma kemia Kisangani vita vilipofunga chuo. Akarudi kwetu Bulengera, mtaa wa Butembo, bila diplome. Kisha mwalimu wake, aliyekimbilia Kampala, akatuma habari: atapitia Beni, uwanja wa ndege wa Mavivi. Yaya akimletea kloridi ya seriamu, chumvi ya maabara, safi na kavu kabisa, ataondoka naye akamalizie masomo.

Seriamu, Butembo? Yaya alicheka tu. Imo kwenye vijiwe vya briquet, kiberiti cha gesi, vile vinavyotoa cheche. Akavinunua sokoni, akaviyeyusha kwa asidi, akatenga chuma na madini mengine yaliyomo, akaosha, akachuja, akaanza upya. Mwishowe akaipasha moto pamoja na chumvi ya amonia ya mafundi wa kulehemu, ndiyo inayoilinda isiharibiwe na moto. Akatupa chembe kwenye maji: yakabaki maangavu, dalili kwamba ni nzima.

"Ona! Lakini ikikutana na hewa, inakunywa maji. Na ukiikausha kwa moto mutupu, bila ile chumvi ya amonia, imekufa."

Akaifungia kwa nta ndani ya kichupa cha dawa ya sindano.

Asubuhi ya safari tulikwenda misa, mama akabaki kufunga mizigo. Tuliporudi, harufu kali ikatuwasha pua mlangoni. Mama alikuwa anakoroga sufuria kavu, kichupa kitupu kando yake.

"Nilifungua kichupa, nikakuta imeshikana, mwana yangu. Ungepata haya mbele ya mwalimu wako. Nimekukaushia."

Yaya akatupa chembe kwenye kikombe. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mihogo. Weee! Nikafungua mdomo kupiga kelele; yaya akanikanyaga mguu.

"Aksanti, mama. Sasa imekauka muzuri."

Akapanda lori la Beni na kichupa chake. Kesho yake akarudi, akamwambia mama kwamba ndege ilijaa wanajeshi. Mwalimu hakupita tena, barabara zikafungwa, na yaya hakusoma tena. Inaniuma, sifichi. Akili kama ile!

Mama alizeeka akiwaambia majirani: "Vita ndiyo ilimunyima mutoto masomo. Chumvi yake ilikuwa muzuri, ni mimi mwenyewe nilimukaushia."

Na yaya, akimpakulia bugali: "Ndiyo, mama. Ilikauka."