Uvivu Niliouvalisha Koti la Daktari

Kosa ni langu. Nasema mapema, msije mkafikiri natafuta pa kulitupia. Wenzangu kwenye kosa hili wapo, na nitawafikia.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka kwa geti ni kwenda kuchuma majani chai au kanisani. Mume wangu husema nikipotea, wasisumbue polisi, waangalie jikoni. Lakini form four nilimaliza, kwa hivyo hapa kijijini ni mimi husomea watu maandishi ya pakiti za dawa. Nikishasoma tatu, najiona daktari.

Dada yangu mkubwa, Mama Chebet, ameolewa shamba la pili kutoka kwetu. Tunachuma majani pamoja. Mwaka juzi alianza kuvua sweta asubuhi na umande, sisi wengine tukitetemeka. Jasho linamtiririka.

Akaenda dispensari, akapewa dawa za malaria. Akarudi, akapewa zingine. Mbu wa huku kwetu anakufa kwa baridi kabla hajakuuma, lakini dada alimeza zote. Mara ya tatu kijana wa pale akamwambia, "Mama, hiyo ni umri. Zoea." Hakumpima, hakumuuliza swali lingine.

Zoea. Wanaume ndio wangekuwa wanaloa hivyo, kila kituo cha kupimia majani kingekuwa na kliniki kando yake. Kwenye semina za kina mama kanisani tumefundishwa kunyonyesha, kupanga uzazi, kupeleka watoto chanjo. Uzazi ukiisha, hakuna mtu ana habari na wewe. Ni kama ng'ombe aliyeacha kukamuliwa.

Damu yake ya mwezi ilikuwa imekatika zaidi ya mwaka. Siku moja shambani akanisogelea.

"Imerudi."

"Nini?"

"Ile ya mwezi. Kidogo tu."

Nikacheka mpaka kikapu kikatingika mgongoni. "Ai, Mama Chebet, umerudi usichana! Wacha Baba Chebet aongeze ng'ombe wa mahari."

Wenzetu wa mstari wa pili wakasikia, wakacheka. Naye akacheka, huku ameinamia majani.

Jioni akaja jikoni kwangu. "Mama Kiptoo, nipeleke hospitali kubwa Bomet. Peke yangu naona haya. Wewe umesoma, utanisemea."

Wiki hiyo watu walikuwa wanakuja kumposa Chebet, binti yake, na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, vilikuwa juu yangu. Maziwa hayawezi kulala ndani nusu ya siku zake halafu uwape wakwe. Nikamwambia tungoje sherehe ipite.

Sherehe ikapita. Akanikumbusha. Nikasema mvua. Akanikumbusha tena, nikamwambia, "Si uliambiwa ni umri? Hata mimi nimesoma, mambo hayo hurudirudi kabla ya kuisha kabisa." Sikuwa nimesoma popote. Nilikuwa sitaki tu kutoka nyumbani, nikauvalisha uvivu wangu koti la daktari.

Akaacha kunikumbusha. Nikafikiri amepona.

Ni Chebet, alipokuja kusalimu kutoka alikoolewa, aliyemkuta anafua vitambaa kwa siri. Akampeleka siku hiyo hiyo, na mimi nikaburutwa nyuma yao. Baada ya vipimo, daktari, mama wa rika letu, akatuambia ni saratani ya mfuko wa uzazi, na imeshatembea mwilini.

"Damu ikikatika mwaka mzima halafu irudi, hata tone moja, unakuja hospitali," akasema. "Nani aliwaambia mngoje?"

Dada akajibu, "Hakuna mtu. Ni mimi nilichelewa."

Angenitaja ningelala vizuri zaidi.

Sasa natoka nyumbani kila siku. Namwoshea, namkorogea uji, namsomea pakiti za dawa bila kuongeza maneno yangu. Akiniona mlangoni, kwa ile sauti iliyobaki, ananichokoza: "Mama Kiptoo, umetoka tena leo? Kumbe miguu ulikuwa nayo."

Tunacheka. Halafu naenda nyuma ya nyumba.

Nyinyi wa dispensari, mama akija na jasho, muulizeni na mengine kabla hamjamwambia azoee. Na wewe msomaji, kama damu imerudi, usingoje mtu akusemee. Na kama dada yako atakuja jikoni kwako kukuomba umsindikize, epua sufuria, vaa viatu, mtoke.