Andika kwa Penseli

Jumatano asubuhi nilipigiwa simu kutoka Ganako, nikaambiwa yule dereva mstaafu wa watalii ninayemtaja mara kwa mara katika ukurasa huu amefariki dunia. Kabla hata sijatoa pole, moyo ulinipasuka kwa sababu ya kichupa kilicho juu ya kabati langu. Naona aibu kukiri, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wasomaji wa siku nyingi mnamkumbuka. Wageni wakitamani simba, yeye alisimamisha gari njiani kuelekea kreta akashuka kupindua magogo yaliyooza. Bosi wake alipomfokea, alimjibu, "Simba ana jina tayari, bosi." Mwaka jana alinipeleka msituni, na kwenye korongo moja akaokota mdudu wa jamii ya buibui, mwili kama punje ya mtama, miguu minane mirefu kama nyuzi, mgongoni miiba miwili. "Huyu sijawahi kumwona," alisema. Akamtia kwenye kichupa cha spiriti. Mikono yake ilijaa tope, kwa hiyo akanitajia jina la korongo niliandike kwenye kikaratasi cha kutumbukiza humo ndani. "Andika kwa penseli, mwandishi." Nikaona ni mambo ya kizee. Mimi na kalamu yangu, nifundishwe kuandika! Niliandika kwa wino.

Kichupa kilipomfikia mtaalamu mjini Arusha, kikaratasi kilikuwa cheupe. Spiriti ilikuwa imekula wino wote. "Inaelekea ni spishi mpya," aliniambia, "ila huyu ni jike. Nahitaji dume nilinganishe, na bila kujua mlimtoa wapi, siwezi kumpa jina." Akanirudishia kichupa. Jina la korongo lilikuwa limeshanitoka kichwani, na siku ile nilipanda nikifuata visigino vya mzee, njia sikuitazama. Nikaahidi kumuuliza, kisha nikaona haya. Kila wiki nilisema kesho, huku nikihofia mashamba yanayozidi kuusogelea msitu ule. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Msibani nilimuuliza mkewe. "Shemeji, mimi nilikuwa naona matope ya viatu tu," alisema. "Njia alikuwa nayo mwenyewe."

Tulipomaliza kuzika, niliona jina lake msalabani limeandikwa kwa kalamu ya wino, na wingu la mvua lilikuwa linashuka. Nikatoa penseli, siku hizi natembea nayo, nikalipitia jina herufi kwa herufi, nikikandamiza mpaka mbao ikaingia alama. Ndugu msomaji, kama kuna la kumuuliza mtu, muulize leo, hata kama swali lenyewe litakuumbua.