Kondoo wa Ijumaa Jioni

Ukitaka kujua kwamba wiki inaelekea mwisho katika soko letu la Awendo, mwangalie Kemuma. Atapanga ndizi zake, atazipangua, atazipanga tena. Ataketi kwenye kreti, atasimama, atatazama jua kama mtu aliyeanika mtama na mawingu yanakuja. Mimi nauza nguo za watoto, na meza yangu imegusana na yake tangu enzi za marehemu mumewe, aliyekuwa akiendesha trekta ya miwa. Namjua. Kabla ya ile simu hakuwa hivyo.

Valentine ndiye mtoto wake wa pekee. Anafundisha kompyuta kule Magunga, na huko huko akapata mume, kijana Mkatoliki anayeitwa Caleb. Harusi ikawekwa Jumamosi. Sasa sisi ni Wasabato. Jua la Ijumaa likitua tunafunga biashara, wala hatusafiri, mpaka jua la Jumamosi nalo litue. Kemuma akamwambia mtoto, "Hamisheni siku." Mtoto akasema padri hana siku nyingine. Basi Kemuma hakwenda. Siku ile aliketi kando yangu kanisani, akaimba kila wimbo, na machozi hayakumtoka. Baada ya hapo hawakupigiana simu tena. Hawakugombana. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze, na kungoja kukawa mazoea.

Ndipo mwaka jana dereva mmoja wa kutoka Ndhiwa, upande wa Magunga kwa Valentine, akamletea kifurushi. Ndani mlikuwa na simu ya kioo kikubwa, na ndani ya simu gemu tatu. Barua, hakuna. Tangu chuoni Valentine alipenda gemu zile zinazotengenezwa na watu wawili watatu tu katika chumba kidogo, halafu zinapewa tuzo huko duniani. Mama yake alikuwa akimgombeza, "Wenzako wanajifunza kushona, wewe unabonyeza."

Sasa akaanza kubonyeza yeye.

Ya kwanza ilikuwa ya msichana anayeshuka ngazi katika nyumba yenye giza, bila neno hata moja. Kemuma aliizima haraka.

"Mama Terry, hii imepewa tuzo ya nini?" akaniuliza. "Giza tulilonalo halitoshi, mpaka mtu aketi atengeneze lingine?"

"Basi iache."

"Nimeiacha." Akapangusa ndizi moja kwa leso. "Lakini huyo mtoto, unadhani alifika chini?"

Ya pili ilikuwa ya kulima shamba. Hiyo ilimchekesha mpaka wateja wakageuka. Unapanda mbegu, unamwaga maji, kabla chai haijapoa unavuna. "Hawa hawajawahi kushika jembe," alisema. "Hakuna magugu, hakuna hata jirani wa kukuingilia mpaka." Alicheza siku chache, akaichoka.

Ya tatu ndiyo iliyomkamata. Ni kondoo mmoja tu mlimani, na wachungaji wawili, kila mmoja na simu yake. Wa asubuhi anamfungulia zizi. Wa jioni anamrudisha na kufunga lango, na ni lazima iwe jua likitua kweli kweli hapo ulipo, kwa maana kabla ya hapo kondoo hakubali kuja. Wachungaji hawawezi kuandikiana chochote. Wanaweza tu kuachiana kitu langoni, jiwe au ua. Kemuma alipofungua alikuta zamu ya asubuhi tayari ina mtu, na langoni kuna ua la njano.

Alijua ni nani.

Kwa hiyo kila jioni, akishafunika ndizi, anatoa simu, anamfungia kondoo na kuacha jiwe jeupe. Asubuhi anakuta ua. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Usinicheke nikisema niliyaona yakimnenepesha.

Lakini pia yalimtia wasiwasi, kwa sababu ya Ijumaa. Ijumaa ya kwanza alikaribia kuwa mgonjwa. Akimfungia kondoo, amevunja Sabato kwa mchezo wa simu. Asipomfungia, kondoo analala nje, na ule mchezo hausamehe: akilala nje anaumia, na akilala nje tena anakufa, basi, umekwisha. Na ukiisha, ua la asubuhi nalo limekwisha.

"Ananijaribu," aliniambia. "Anajua kabisa Ijumaa jua likitua mimi niko wapi. Kwa nini akanipa jioni?"

"Labda alisahau."

"Amelelewa ndani ya Sabato. Hiyo utaisahau?"

Alifunga simu kwa kitenge, akaiweka kabatini, akakesha akiomba. Jumamosi jua lilipotua akaifungua. Kondoo alikuwa ndani. Lango limefungwa: kumbe mchungaji anaweza kumshikia mwenzake zamu. Valentine aliyeiacha Sabato ndiye aliyekuwa akimlindia mama yake Sabato, na ikawa hivyo kila Ijumaa. Ungedhani Kemuma angepumzika. Hapana. Alianza kuhangaika upya, mapema zaidi: je, wiki hii atakumbuka? Je, amechoka na mimi?

Sasa, kuna Jumamosi moja mwezi wa nne. Tulikuwa tumeketi kanisani, Mzee Mayaka akiongoza somo, nikahisi Kemuma ananivuta kiwiko.

"Mama Terry, lile neno la kumwokoa kondoo aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato liko wapi?"

"Mathayo kumi na mbili."

Hakufungua Biblia. "Nilitoa simu asubuhi niangalie saa," alinong'ona.

"Saa?"

"Mungu anajua niliangalia nini. Lango liko wazi. Kondoo amelala nje, mguu umeumia. Nikampigia Valentine, simu haipatikani. Nimepiga mpaka tunaingia hapa."

"Pengine ni stima tu zimepotea, simu haina chaji. Jana mvua ilinyesha."

"Pengine." Akarekebisha kofia yake. "Na kama kondoo si kondoo, ni wa simu, lile neno bado linamhusu?"

Mzee Mayaka alitutazama juu ya miwani. Kemuma akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akielekea stendi na kofia yake ya kanisani kichwani.

Yaliyobaki alinisimulia mwenyewe.

Alipanda gari mpaka Ndhiwa, halafu pikipiki mpaka Magunga, siku ya Sabato. Ni boma la mkwe wake, ambako hakuwa amekanyaga kamwe. Na sote huku twajua, mama mzaa mke haibukii kwa mkwe hivi hivi. Anaalikwa, anakuja na wanawake wenzake, na vikapu vimejaa. Yeye alifika peke yake, mikono mitupu, viatu vina matope. Caleb alikuwa barazani akinyoa ndevu. Kumwona tu, akachomokea nyuma ya nyumba na povu shavuni, kwa heshima, maana mkwe na mama mkwe hawakutani ovyo.

Valentine alikuwa anaanika nguo. Mzima kabisa.

"Mama? Leo si Sabato?"

"Kondoo alilala nje."

"Stima zimepotea tangu juzi. Simu ikazimika jana mchana." Akaiacha shuka ining'inie upande. "Umekuja kwa sababu ya kondoo?"

"Nilidhani kuna jambo limekupata."

Valentine alianza kucheka, halafu kicheko kikamgeukia. "Kwa kondoo wa kuchorwa umesafiri Sabato," alisema. "Kwa harusi yangu ulikataa."

Kemuma aliletewa kiti, akagoma kuingia ndani kwa kuwa hakualikwa. Akaketi pale uani.

"Niletee picha ya harusi," alisema mwishowe.

Valentine akaitungua ukutani na fremu yake, akampa. Kemuma alimuuliza huyu ni nani, na huyu, mpaka akawamaliza wote.

"Na mimi ningekaa wapi?"

Valentine akaonyesha kiti cha mbele kabisa. Hakikuwa na mtu. Kilikuwa na mkoba mdogo mweupe juu yake.

"Mkoba wa nani?"

"Wangu. Niliuweka ili mtu asikae."

Kemuma aliishika ile picha mapajani mpaka jua likatua. Wakaimba wimbo wa kufunga Sabato, wote wawili, na Valentine hakuwa amesahau ubeti hata mmoja. Kisha Kemuma akatoa simu yake, Valentine akamshika mama yake mkono huku kondoo akirudishwa, maana mguu ukiumia mwendo wake ni wa polepole na lazima usubiri.

Nilidhani yameisha. Lakini Alhamisi iliyofuata, ndizi zinapangwa, zinapanguliwa.

"Kondoo yuko?" nikamuuliza.

"Yuko. Anachechemea."

"Sasa wasiwasi wa nini tena?"

"Jumapili wanakuja kwangu. Yeye na Caleb." Akashika chane moja, akairudisha ilikotoka. "Mkwe mwenyewe hawezi kula mbele yangu. Sasa huyo nitamkalisha wapi, Mama Terry?"