Namba Iliyoruka Nane

Harufu ya sweta za mitumba zilizolowa manyunyu hunirudisha darasa la nne, hapa Songea, miaka ile mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni na sisi watoto wa Mjimwema tukaingia darasani na maandishi ya nchi tusizozijua vifuani. Msimu huo wa baridi ndipo Agata alipohamia kwa shangazi yake, jirani yetu, akitokea Tunduru. Nilimpenda siku ileile. Nikamfundisha kuruka kamba kwa mtindo wa mtaani kwetu: unahesabu kwa sauti, lakini ukifika nane unaruka kimya. Anayeitamka anatoka mchezoni.

Asubuhi moja mwalimu wa hesabu, mgeni wa Bukoba ambaye hakuwa ameizoea baridi yetu, alimwita Agata ubaoni aandike moja hadi tisa. Akaandika huku midomo ikicheza: 12345679. Darasa likaangua kicheko. "Mama Bila Nane," akaita mmoja wa nyuma. Mwingine akadakia, "Nane yao bado iko kwenye basi la Tunduru." Agata hakulia. Aliporudi kwenye dawati letu aliniinamia sikioni. "Kesho siji. Namwambia shangazi anirudishe kwa bibi." Moyo wangu ukashuka hadi kwenye ndala.

Mwalimu akainua dasta, kisha mkono ukabaki hewani. Aliitazama ile namba kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi. "Hii tusiifute," akasema. "Agata, taja tarakimu unayoipenda." Agata akajibu kwa sauti ya chini, "Nane, mwalimu." Wakacheka tena. "Haya, nane mara tisa?" Tukaitikia, sabini na mbili. "Basi zidisheni namba ya Agata kwa sabini na mbili." Tulizidisha kwa vidole vyenye ganzi, tukisahau kubeba makumi, tukifuta kwa mate, hadi jibu likatoka: 888888888. Nane tupu, mwanzo hadi mwisho. Mwalimu akatuambia ukitaka tano tupu, zidisha kwa tano mara tisa. Ukitaka tatu, vivyo hivyo. Lakini ukiirudisha nane mahali pake, sifuri inajipenyeza kwenye jibu na utamu unakwisha.

"Kumbe ulijua?" akauliza yule wa nyuma.

"Sikujua. Niliruka tu," akasema Agata.

Kesho yake alinipitia nyumbani kabla sijanawa uso. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mimi naongeza, pengine ni kuruka.

Shule yangu iliishia darasa la saba, na leo simu hunipa jibu lile kabla sijapepesa jicho. Watoto wa dada yangu wanaruka kamba uani na nane wanaitamka kwa kelele, mtindo wetu hawaujui. Agata anaishi Mpitimbi. Akinipigia, baada ya salamu huwa tunahesabu kidogo, kwa utani tu. Tukifika nane sote tunanyamaza, na katika kimya kile namsikia anavyozuia kicheko.