Ekari Nisiyoilima

Siku tuliyogawana shamba la wazazi wetu, kaka yangu alichagua kwanza, maana ndiye mkubwa na ndiye mwanamume. Akachukua ekari tatu za juu, zinazopakana na barabara kuu, udongo mweusi usio na jiwe. Wazee wa ukoo wakanigeukia mimi huku wakitazama saa. Walidhani nitaomba kipande cha kujengea nyumba kisha ninyamaze. Nikasema nataka ekari ya chini, ile ya nyasi. Kaka akacheka mpaka akakohoa.

"Sis, hiyo shamba hata mbuzi inakataa," akasema. "Mkataa pema pabaya panamwita. Usije ukanililia."

Sijamlilia hadi leo.

Ekari yenyewe iko bondeni, upande wa Sachangwan, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi na malori husikika yakipanda mlima bila kuonekana. Haijawahi kulimwa. Nyasi zake ngumu huota kwa mafungu, kila fungu limesimama peke yake, na katikati ya mafungu kuna nyasi fupi na majimaji ya kulowesha viatu. Kwetu huku ardhi isiyolimwa ni aibu ya ukoo. Mtu akipita kwako akaona nyasi badala ya viazi au minji hasemi kitu, lakini Jumapili kanisani utasikia wavivu wakiombewa kwa sauti ya juu kidogo. Mimi nimeombewa mara nyingi. Huwa nasema amina, kisha narudi nyumbani kupika.

Aliyeanza aibu hiyo alikuwa mama. Alizaliwa milima ya Taita, nyuma ya pwani, ambako upepo wa bahari ukifika juu hugeuka ukungu, na utotoni mwake msitu ulishuka mpaka mlangoni kwao. Kulikuwa na ndege mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, aliyetembea chini ya miti akipekua majani makavu kama kuku. Mama alisema ndege huyo hakuwa na kwao kwingine duniani. Kisha watu wakakata miti, wakapanda mahindi, na mahali pengine wakapanda misonobari, ambayo chini yake hakuna cha kupekua. Alipoolewa na baba akaletwa huku bara, msitu wa kwao ulikuwa umebaki kofia tu kichwani mwa mlima.

Kwa hiyo baba alipotaka kuilima ekari ya chini, mama alimfuata akaushika mpini wa jembe. Alikuwa amemwona ndege wa mafungu: kifua cha manjano, mkufu mweusi shingoni, mkimbiaji kuliko mrukaji, na kiota chake hukiweka chini kabisa, kwenye shina la fungu la nyasi. "Ukilima hapa, huyu ataenda wapi?" akauliza. Baba akaenda kulima kwingine. Mama hakuwa mpole, na hasira yangu mimi sikuiokota barabarani.

Nilikuwa nimekaa Rhonda, mtaa wa mjini, miaka mingi nikishona sare za shule. Nilirudi kumuuguza mama, na tulipomzika nikabaki. Ekari ilipokuwa yangu, ndege walikuwa jozi tatu. Niliwajua hata mahali walipopenda kusimama asubuhi kuota jua. Nami nikafanya kosa la mtu wa huku. Kwetu kitu ukikipenda unakizungushia ua. Usipokizungushia, watu husema hukitaki. Nikanunua nguzo na seng'enge, nikaifunga ekari pande zote nne. Jirani yangu, mama mmoja mjane, alikuwa na kondoo waliolisha pale tangu enzi za mama yangu. Nikawafukuza. Nikamwambia mbele za watu kwamba kondoo wake ni wezi.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Nyasi zikafika kiunoni, mafungu yakashikana, na zile njia za katikati zikazibika. Jozi tatu zikawa moja, kisha hakuna. Nililaumu kunguru, nikalaumu baridi, nikamlaumu kaka yangu, ambaye safari hiyo hakuwa na kosa lolote. Mpaka asubuhi moja nikachungulia upande wa pili wa ua nikawaona, wanakimbia katikati ya kondoo wa jirani. Ndege huyu anaishi kwa miguu yake. Anataka fungu la kujificha na uwanja wa kukimbilia, na uwanja huo ulikuwa ukifyekwa na kondoo miaka yote. Mama hakuweka ua kwa sababu alijua. Mimi nilidhani hakuweka kwa sababu hakuwa na pesa za seng'enge. Nililia siku hiyo, na nililia kwa hasira.

Mambo yakazidi kuharibika. Kijana wa yule jirani akakodisha malisho ya mama yake kwa mtu wa viazi. Pakalimwa, na ndege wakaondoka hata hapo. Bondeni kote nyasi zikabaki kwenye ekari yangu tu, nayo nilikuwa nimeiharibu kwa mapenzi. Nikameza kiburi nikaenda kwa jirani. Alikuwa ameketi mlangoni anamenya viazi.

"Si ulisema kondoo zangu ni wezi?"

"Nilisema. Nilikosea."

"Rudia. Hii sikio moja haisikii vizuri."

"Nilikosea, mama."

Akaniacha nimesimama mpaka akamaliza sufuria nzima. "Toa hiyo seng'enge wewe mwenyewe," akasema. "Kesho saa tatu nazileta."

Niliikata siku hiyo hiyo. Kondoo wakaja, na kila asubuhi saa tatu wakaendelea kuja. Njia zikaanza kufunguka kidogo kidogo. Lakini kaka aliona jambo moja tu: ua umeng'olewa. Akahesabu kwamba nimechoka, kwamba shamba sasa halina mwenyewe. Wiki ya tatu nikaamka nikakuta trekta bondeni, na dereva ananikonyezea taa.

"Mathe, sogea kidogo. Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na boss."

Boss alikuwa kaka yangu, amesimama kando, amevaa gamboti zake safi. Nikatembea mpaka mbele ya trekta nikaketi juu ya fungu la nyasi. Umande ukapenya sketi mpaka mfupani.

"Sis, toka hapo utashikwa na homa. Nakulimia bure, season moja tu, uone vile viazi itatoka."

"Sijakuomba."

"Watu wanalala njaa na wewe unachunga nyasi!"

"Viazi zako za juu zilioza kwa store ukikosa mnunuzi," nikamwambia. "Usiniletee njaa ya watu hapa."

Saa tatu ikafika, na kondoo wakafika nayo. Jirani aliwaswaga wakaizunguka trekta kushoto na kulia, wakaanza kula kama kawaida. Dereva akazima injini. "Boss, siwezi pitia juu ya kondoo ya watu."

Kaka akavuta pumzi. "Sawa. Nionyeshe huyo ndege. Mmoja tu. Nikimuona naenda, na sitarudi."

Ukungu siku hiyo ulikuwa umeinuka mapema na bonde lote lilionekana. Hapakuwa na kifua cha manjano popote. Mbele yetu kikaruka kindege cha kahawia, cha kawaida kabisa, na kaka yangu hajui kutofautisha ndege na ndege. Ningenyoosha kidole tu mambo yangeisha. Jirani alinitazama akingoja ninyooshe.

"Hayupo," nikasema. "Waliondoka, na mimi ndiye niliyewafukuza. Na bado hulimi."

Kaka akawatazama kondoo walioizunguka trekta, akampungia dereva mkono, wakaenda. Anasema atarudi mvua zikianza. Na aje. Ndege hawajarudi, na hakuna aliyeniahidi kwamba watarudi. Wakija, nafasi yao ipo. Wasipokuja, ekari itakaa vivyo hivyo, tupu, na sitailima.