Tairi Mpya na Viazi Ambavyo Havikuwepo

Jumamosi nilipeleka gari langu kwa fundi wa magari wa mtaa wa Jamhuri, mama mmoja asiyependa porojo. Ni gari kuukuu la spoti, la viti viwili, nililolinunua baada ya kuuza pikapu. Tangu niliwekee tairi mpya za nyuma, lilikuwa linateleza nyuma kila kona; siku ya mvua kule Karen nusura linitupe mtaroni.

"Ni tairi feki hizi," nilimwambia, nikaongeza maneno mazito ya kifundi niliyoyasoma kwenye simu.

Alichuchumaa, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akachomeka kipima upepo, akakitazama mara mbili.

"Mzee, hizi zimejazwa zikawa ngumu kama mawe. Zinashika barabara hapa katikati tu. Nani aliweka hii upepo?"

"Vijana wa tairi."

"Uliwaambia nini?"

Nikakohoa. Niliwaambia kile nilichozoea kusema miaka yote ya pikapu: za nyuma jaza sana, kuna mzigo.

Akafungua buti. Mlikuwa na mwavuli na Biblia.

"Mzigo ni hii?"

"Zamani nilikuwa nabeba viazi kutoka Kinangop," nilisema polepole.

Akapunguza upepo, akanirudishia ufunguo. "Ukipata gunia, rudi tuongeze."

Gari lilitulia hadi nyumbani. Huko nikafuta safu yangu ya gazetini niliyokuwa nimeimaliza asubuhi, ya kuwashambulia wauzaji wa tairi feki. Ilikuwa kali sana. Nilikuwa nimeipenda.